Dondoo muhimu: Si kila homa ni ya meno

Mtoto wa miezi sita hivi akitokwa na udenda, akitafuna vidole na kulialia usiku, wazazi wa Garsen, mji ulio kando ya Mto Tana nchini Kenya, hujua jino la chini la mbele liko njiani. Fizi huvimba, joto la mwili huweza kupanda kidogo.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutapika na kuhara vina chanzo kingine. Katika umri huu mtoto hutambaa, huanza kuonja uji na kutia kila kitu kinywani, huku kinga aliyopata kwa mama ikipungua. Mto Tana ukifurika, kama mwishoni mwa 2023, visima huchafuka na mbu huzaana. Homa ya namna hiyo yaweza kuwa malaria, kwa hiyo apimwe zahanati siku hiyo hiyo. Anayehara apewe maji ya ORS na tembe za zinki, na aendelee kunyonya.

Fizi zisuguliwe kwa kidole kilichooshwa kwa sabuni. Dawa za ganzi za kupaka hazifai kwa walio chini ya miaka miwili. Kung'oa "meno ya plastiki", yaani vivimbe vya fizi vinavyodhaniwa kuleta homa na kuhara, kama ifanywavyo sehemu kadhaa za Afrika Mashariki, ni hatari kubwa: kinachokatwa ni jino changa lenyewe, na kidonda huweza kuleta maambukizi yanayoua.