SOMO: Kitabu cha Kusoma Pamoja, Tukichagueje?



Tulipoanza kusoma vitabu pamoja Jumatano jioni hapa Gisenyi, mimi ndiye niliyechagua kitabu cha kwanza. Kilikuwa kitabu chembamba juu ya maombi, nilichobaki nacho tangu chuo cha Biblia. Kilisema kweli tupu. Nikasoma sura, nikauliza, "Mnaonaje?" Wote wakajibu, "Amina." Kimya. Mzee mmoja akasinzia. Juma la tatu tulibaki watu wanne, mmoja wao mke wangu.

Kosa halikuwa la wasikilizaji. Kitabu kilichokwisha kujibu kila swali hakiwaachii watu kazi.

Ndipo tukachukua Safari ya Msafiri cha John Bunyan, mhubiri wa Uingereza aliyefungwa kwa kuhubiri bila kibali. Kilichapwa mwaka 1678. Mwanzoni kabisa Mkristo anakimbia mji utakaoangamia. Mke na watoto wanamlilia arudi. Yeye anaziba masikio na kukimbia. Mama mmoja akanikatiza: "Pasta, huyu mwanaume alikosa!" Baba mmoja akamkatalia: angerudi, wangeangamia wote. Ikawa moto mpaka giza likaingia.

Ndugu, wengi wetu tulivuka mpaka mwaka 2012, na kila mtu ana aliyemwacha nyuma. Yule baba alikuwa akijitetea mwenyewe, nasi tulijua. Lakini hakuna aliyemwuliza jina la mtu, maana tulikuwa tukisema juu ya Mkristo. Katika ushuhuda wa Jumapili hajawahi kufika hapo.

Bunyan naye alirudia jambo hilo: mwaka 1684 alitoa sehemu ya pili, ambamo mke na watoto wanafuata njia ile ile. Nilingoja juma zima kabla ya kuwaambia. Ilinitesa kidogo!

Kwa hiyo sasa kabla ya kuchagua nasoma kwanza peke yangu, nikitafuta mahali ambapo watu wawili wenye moyo mwema wanaweza kupingana. Nisipopaona, nakiacha, hata kama ni kizuri. Kiwe kifupi. Nakala moja yatosha akiwapo msomaji wa sauti. Hivyo wasiojua kusoma wanakaa sawa na wengine. Vitabu vinavyosimulia vita vyetu wenyewe sivileti bado. Hapo hakuna pazia, watu watahesabiana makabila.

Wengine wameuliza kwa nini sasa tunasoma Kusadikika cha Shaaban Robert (1951), ambaye alikuwa Mwislamu. Nakisoma kwa ajili ya Karama, anayeshitakiwa mbele ya mfalme kwa kufundisha sheria. Katika kujitetea anawakumbusha wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema ya nchi, wakarudi nayo, wakatiwa gerezani. Jumatano ijayo mje na jibu: aliyajua yote hayo, mbona hakukimbia?