Kalsiamu Imo, Mashine Haiioni: Maswali Kuhusu Upimaji wa Madini kwa Mwali

Mfugaji anayejichanganyia chakula cha kuku hupeleka sampuli maabara ajue ina kalsiamu kiasi gani. Kuku wa mayai huhitaji takribani asilimia 3.5 hadi 4, vifaranga karibu asilimia 1 tu. Jibu likija pungufu, ataongeza chokaa. Kumbe huenda kalsiamu ilikuwa ya kutosha, na sasa anawazidishia vifaranga hadi figo zao zinaumia.

Mashine hupimaje?

Sampuli huchomwa ikawa majivu, majivu yakayeyushwa kwa asidi, kisha kimiminika hicho hunyunyizwa katika mwali wa hewa na asetilini wenye joto la nyuzi 2300 hivi za Selsiasi. Joto huvunja chumvi na kuacha atomi moja moja. Taa maalumu hupitisha humo mwanga wa nanomita 422.7, ambao atomi za kalsiamu huufyonza. Mwanga ukifyonzwa zaidi, kalsiamu ni nyingi zaidi. Ni mbinu aliyoieleza Alan Walsh wa Australia mwaka 1955, na bado ni nzuri.

Sasa inakosea wapi?

Huhesabu atomi zilizo huru tu. Unga wa mifupa na dagaa katika chakula hicho vimejaa fosfati. Tone linapokauka ndani ya mwali, fosfati huishika kalsiamu na kufanya chembe ngumu, nazo hupita upesi mno kabla moto huo haujazivunja zote. Kuchoma sampuli hakusaidii, maana mafuta na protini huondoka lakini fosfati hubaki. Alumini nayo huizuia kalsiamu.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mashine haitoi onyo. Pima mara tatu, utapata namba ileile, safi kabisa, na si sahihi.

Tiba yake ni nini?

Iliyozoeleka ni kuongeza kloridi ya lanthani. Lanthani hujichukulia fosfati, kalsiamu ikabaki huru. Lakini lazima kiasi kilekile kiwekwe pia katika miyeyusho sanifu ya kulinganishia na katika ule usio na sampuli, la sivyo ulinganisho wote unapotoka.

Njia nyingine ni mwali wa nitrasi oksaidi na asetilini, unaofika nyuzi 2700 na zaidi na kuzivunja chembe hizo. Joto hilo nalo huzing'oa elektroni baadhi ya atomi za kalsiamu, zisifyonze tena mwanga unaotakiwa, hivyo huongezwa chumvi ya potasiamu kuzuia hali hiyo.

Nikipewa majibu, niulize nini?

Uliza kama lanthani iliwekwa, na mwali gani ulitumika. Una haki ya kuuliza, na mpimaji mzuri hatachukia. Kisha omba jaribio la kuongeza kiasi kinachojulikana: sehemu moja ya kimiminika cha sampuli hupimwa kama ilivyo, nyingine huongezwa, tuseme, miligramu 10 za kalsiamu kwa lita. Tofauti kati ya vipimo hivyo iwe karibu na 10. Ikiwa 6, basi hata kalsiamu ya chakula chenyewe haikusomwa yote, na sampuli ipimwe upya kabla mfuko wa chokaa haujafunguliwa.