Kidonda kisichouma

*Mimi ni binti wa miaka 29, naishi na mama yangu Muheza. Mama ana kisukari, huu mwaka wa kumi na mbili. Juzi nikimfulia kanga niliona doa la usaha. Nilipomtazama unyayo nikakuta kidonda chini ya kidole gumba, pembeni kina ngozi ngumu, na kinatoa harufu. Yeye anasema hakimuumi hata kidogo, na kweli anatembea nacho mpaka shamba. Kila jioni analoweka mguu kwenye maji ya moto yenye chumvi, kisha anafungua vile vidonge vya rangi mbili na kunyunyizia unga wake. Nikimwambia twende hospitali anasema kaka yake alikwenda na miguu miwili akarudi na mmoja, na haikupita miezi tukamzika. Nimlazimishe, Shangazi? Au nisubiri, kwa kuwa hakimuumi?*
*Binti wa Muheza*

Mwanangu, nianze na la haraka. Mpeleke mama hospitali kesho asubuhi. Usingoje siku ya kliniki yake ya kisukari, wala usingoje kidonda kianze kuuma, maana huenda kisiume kabisa. Kidonda chenye harufu kwenye unyayo wa mtu mwenye kisukari ni dharura. Na ikiwa usiku huu atapata homa au kutetemeka, au mguu ukavimba, au sehemu yoyote ikageuka nyeusi, msilale, tafuteni usafiri muondoke. Watu huambiwa waangalie wekundu, lakini kwenye ngozi zetu wekundu haujitokezi vizuri. Wewe tumia mgongo wa kiganja chako, uguse mguu mmoja kisha mwingine. Ukiona mmoja una joto kuliko mwenzake, hiyo ni dalili tosha.

Kwa usiku wa leo, osha kidonda kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kausha taratibu, funika kwa gozi safi, basi. Ule unga wa vidonge usinyunyizwe tena. Hufanya ganda juu, usaha ukabaki chini ukitafuta njia ya kuingia ndani. Na beseni la maji ya moto liondoke kabisa. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote, kwa sababu mguu usiosikia maumivu hausikii na moto. Nimeshaona mtu aliyebabuka unyayo mzima ndani ya beseni huku anazungumza na wageni wake, hana habari.

Sasa nikueleze kwa nini hakiumi, maana hapa ndipo familia nyingi zinapopotea. Sukari ikikaa juu miaka na miaka huharibu mishipa ya fahamu, ikianzia ile mirefu kuliko yote, inayofika mpaka vidole vya miguu. Huenda mama aliwahi kukulalamikia kuwa miguu inamwaka moto usiku, au inamchomachoma kama sindano, na siku hizi halalamiki tena. Watu hudhani amepona, kumbe mishipa ndiyo imekufa. Mishipa hiyohiyo ndiyo inayoamrisha jasho, kwa hiyo nyayo hukauka, zikapasuka magaga, na kila ufa ukawa njia ya vijidudu. Ndiyo pia inayoendesha misuli midogo ya mguu. Misuli hiyo ikidhoofika, vidole hujikunja na uzito wa mwili huangukia sehemu chache, mojawapo ni palepale ulipoona kidonda, chini ya kidole gumba. Ile ngozi ngumu ni sugu, na sugu ndiyo iliyotangulia. Iliendelea kukandamiza nyama kila hatua mpaka damu ikavilia na nyama ikaanza kuoza kwa ndani, kabla ninyi hamjaona chochote kwa nje. Mishipa ya damu nayo ikiwa imeanza kuziba, kidonda hukosa damu ya kukiponya. Hapo watu hukiita kidonda ndugu, wakaanza kumtafuta mchawi.

Daktari Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India, aliliona jambo hili kwa wagonjwa wa ukoma katika mji wa Vellore, kusini mwa nchi hiyo. Watu waliamini ukoma wenyewe ndio unaokula vidole. Yeye akaonyesha kuwa vingi vilipotea kwa majeraha ya kawaida kabisa ambayo mgonjwa hakuyasikia: chungu cha moto, kiatu kinachobana, hata panya waliotafuna vidole usiku mwenyewe akiwa usingizini. Baadaye, alipokuwa Carville, jimbo la Louisiana huko Marekani, elimu hiyo aliipeleka kwa wagonjwa wa kisukari. Na usidhani panya ni habari za mbali. Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika katika jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari wa hapahapa Tanzania walioumwa na panya miguuni. Kwa hiyo chandarua cha mama kichomekwe vizuri chini ya godoro, si kwa ajili ya mbu tu.

Kuna jambo nataka mlifanye wawili leo jioni. Mama alale kitandani, miguu mitupu, afumbe macho. Mwambie, "Mama, kila nikikugusa, sema ni kulia au kushoto." Kwa ncha ya kidole chako cha shahada mguse kidogo tu, sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kisha kidole cha kati, kisha kile kidogo cha mwisho. Hamia mguu wa kushoto ufanye vivyo hivyo. Usibonyeze, usipapase, na mahali ulipokwisha kugusa usiparudie. Jumla ni sehemu 6. Asiposikia 2 au zaidi, hisia zimepungua kiasi cha kumweka hatarini. Madaktari wa Ipswich, Uingereza, ndio waliobuni kipimo hiki, na hakihitaji kifaa chochote. Hospitalini hutumia uzi wa plastiki unaopinda kwa uzito wa gramu 10, kwa kazi ileile.

Nakuambia ukifanye kwa sababu ya mama zaidi kuliko kwa sababu yako. Ukimwambia mguu umekufa ganzi atakubishia, maana anaukanyagia na unakwenda. Lakini akifumbua macho akakuta umeshamaliza kumgusa naye alikuwa bado anangoja uanze, hatahitaji maneno yako.

Umeuliza umlazimishe? Mzazi halazimishwi, mwanangu, huombwa, na huombwa mara nyingi. Usimbishie habari ya mjomba wako. Aliyaona kwa macho yake, na hofu yake ina haki. Muulize kwa upole: mjomba alikaa na kidonda nyumbani muda gani kabla ya kwenda? Siku anapakiwa kwenye gari, mguu ulikuwa umefikia wapi? Wengi wanaokatwa miguu hufika mfupa umeshaoza au sumu imeshaingia kwenye damu, na hapo daktari hubaki na uamuzi wa kuokoa mguu au kuokoa mtu. Sisi tunaobaki huhesabu kuanzia siku ya kisu. Zile wiki za maji ya chumvi tunazisahau. Mama yako bado anatembea, hana homa, na kidonda kiko sehemu moja. Hiyo ndiyo nafasi ambayo mjomba pengine hakuipata.

Usimwahidi, hata hivyo, kwamba hatakatwa chochote. Inawezekana wakaondoa kidole ili mguu ubaki. Mwambie ukweli huo kabla hajausikia kwa mgeni aliyevaa koti jeupe, la sivyo siku nyingine hatakuamini. Na kama yupo mtu ambaye mama hawezi kumkatalia, dada yake mkubwa au ustadhi wa mtaa wenu, mtangulize.

Hospitali Teule mnayo hapohapo Muheza, na ikihitajika watawaandikia rufaa ya Bombo, Tanga mjini. Mkifika, mama avue viatu vyote viwili hata kama hajaambiwa. Foleni ikiwa ndefu, mgonjwa hupimwa sukari, akaandikiwa dawa na kuondoka bila mtu kutazama miguu, na jambo hili linaniuma sana. Semeni wazi kidonda kina siku ngapi na kimewekwa nini. Ulizeni kama mapigo ya damu miguuni yanasikika, kama kidonda kimefika kwenye mfupa, na kama anahitaji chanjo ya pepopunda. Watakata sugu na nyama iliyokufa, na kidonda kitaonekana kikubwa kuliko kilivyoingia. Msishtuke.

Kisha watamwambia asiukanyagie mguu, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Dawa watameza, bandeji watabadilisha, lakini kukaa hawawezi, maana hakiumi na mahindi yanangoja palizi. Kidonda cha unyayo kinachokanyagiwa hakifungi, kwa kuwa kila hatua hubomoa kile ambacho mwili umejenga usiku. Palizi ya msimu huu ni yenu, wewe na ndugu zako. Kuteka maji ni kwenu, na kuni pia. Mkimwacha afanye hata nusu ya kazi hizo, gozi na dawa mtakuwa mnazitupa.

Kidonda kikipona, miguu yote miwili itazamwe kila siku, unyayo na katikati ya vidole. Kama macho yake hayaoni vizuri, au hawezi kuinama, kazi hiyo ni yako. Kigoda chake kisogezwe mbali na mafiga, maana kuna wanaoungua huku wanasonga ugali. Anapotawadha, maji hayamdhuru, ila akaushe vizuri kati ya vidole kila mara, kwani unyevu unaokaa pale huleta fangasi. Mafuta ya nazi apake nyayoni na visiginoni, katikati ya vidole asiweke. Adhuhuri, sakafu ya uani na ya msikitini inaunguza, basi awe na soksi nene mkobani. Hina ya nyayo naipenda kama mwanamke yeyote wa pwani, lakini kwa mama iishie mikononi, kwa sababu inaficha rangi ya ngozi mnayotakiwa kuitazama. Piko aliache kabisa. Lile linalochanganywa na rangi ya nywele linaweza kumbabua. Na wale vijana wa kusafisha kucha wanaopita na vikapu vyao wasimguse, maana wembe mmoja hupita miguu mingi. Sugu ikirudi, ikakatwe hospitali. Kucha mkate ninyi, zinyooke, msizichimbe pembeni.

Atembee na viatu hata ndani ya nyumba. Ndala haitoshi, mwiba huipenya na kamba yake hukwaruza kati ya vidole. Mtafutie kiatu cha kufunika vidole, chenye soli nene na ndani laini, kisicho na mshono unaojitokeza. Kila asubuhi kabla hajavaa, kikung'ute na uingize mkono ndani, kwani kijiwe kidogo kinaweza kukaa humo kutwa nzima bila yeye kujua. Kununua nendeni jioni, miguu ikiwa imetanuka. Kama hawezi kwenda, akanyage boksi gumu, uchore mguu wake kwa kalamu iliyosimama wima, ukate umbo hilo uende nalo sokoni. Liingize ndani ya kiatu kabla ya kutoa pesa. Likijikunja pembeni, kiatu hicho kitambana, mwambie muuzaji akupe kingine.