UJI WA KWANZA WA MUTOTO

Mama, mutoto wako amefikisha miezi 6. Kilo zake zilipanda vizuri kwa maziwa yako peke yake. Lakini kuanzia sasa hayatoshi tena. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo, ile inayojenga damu, inakaribia kwisha. Basi, tuanze uji. Lakini usiache kumunyonyesha: uji unaongezwa juu ya nyonyo, haukamate fasi yake. Umunyonyeshe mpaka miaka 2 na kupita.

Mbele ya miezi 6 usimupe kitu, hata maji. Pengine mama mukwe atasema: «Mutoto analia, maziwa yako ni mepesi.» Umujibu kwa heshima, na umualike aje naye siku ya kupima watoto. Wanyanya wakisikia wenyewe, kazi yetu inakuwa nyepesi.

Uji gani? Wamama wengi wanapika unga wa muhogo na sukari. Mutoto anashiba, analala, kila mutu nyumbani anafurahi. Lakini muhogo unajaza tumbo tu, haujenge mwili. Kisha miezi kadhaa miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, mutoto hachezi tena. Ni bwaki. Na wengi kati ya watoto hao walikuwa wanakula kila siku!

Upike masosoma. Jina linatoka kwa soja, sorgho (ni mutama) na maïs (ni mahindi). Ukamate vikombe 2 vya mahindi, 1 cha mutama, 1 cha soja. Mahindi yenye ukungu uyatupe, hata kama ni kidogo. Soja uichague, uioshe, uianike, kisha uikaange mpaka igeuke rangi na harufu ya ubichi iishe. Usikimbize kazi hii: soja mbichi inaumiza tumbo, na mutoto hapate faida yake. Utwange ao usagishe, uchunge, uweke katika mukebe mukavu wenye kifuniko.

Koroga unga kwanza na maji baridi, kisha uumwange katika maji yanayochemka. Uache uchemke dakika 20, ukikoroga. Chota na kijiko na uinamishe: uji ukikimbia kama maji, ni mwepesi mno. Ongeza kijiko kidogo cha mafuta ya mawese, na ndagala kavu zilizotwangwa na kuchungwa. Sukari si lazima. Asali, hapana, mpaka atimize mwaka 1.

Nawa mikono na sabuni, yako na ya mutoto. Tumia kikombe na kijiko. Chupa ya kunyonyea inaficha uchafu. Siku ya kwanza vijiko 2 ao 3 vinatosha. Akisukuma na ulimi, hajakataa, anajifunza. Jaribu tena kesho. Usimubane pua ili ameze, uji unaweza kuingia katika mapafu. Kidogo kidogo atafika nusu kikombe, mara 2 ao 3 kwa siku. Uji wa jana usimupe.

Akihara, usimukatie uji wala nyonyo. Umupe kidogo kidogo, mara nyingi, pamoja na maji ya serumu ya kunywa. Macho yakiingia ndani, ao akikataa kunyonya, umulete siku ile ile, hata usiku.