Fedha za Wazee za Inua Jamii

*Mama ana miaka 72 na hana pensheni. Jirani anataka alipwe ndipo amwandikishe Inua Jamii. Je, ni halali? Msomaji, Kilifi*

Kujiandikisha ni bure. Anayedai malipo asipewe hata shilingi. Mpango huu wa serikali ya Kenya huwapa wazee waliotimiza miaka 70, wasio na pensheni, shilingi 2,000 kwa mwezi. Uandikishaji hupitia kwa chifu au naibu wake, tena hufunguliwa kwa vipindi, ndiyo maana wengi husubiri wakidhani wamekataliwa. Kinachotazamwa ni tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho cha taifa. Ikiwa imekosewa, irekebishwe kwanza katika ofisi ya usajili wa watu. Jina likirukwa, malalamiko hupelekwa kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo.