Prosesa nane, seva bado inagoma

SWALI: Seva ya shule yetu hapa Ikungi ina prosesa 8 na RAM ya GB 8. Tukitoa matokeo ya muhula na wazazi wakaanza kuyafungua, mzigo (load average) unafika 60, kisha inaganda hadi tuizime na kuiwasha. Tuongeze prosesa?

JIBU: Msinunue kitu kwanza. Kwenye Linux, namba hiyo ya mzigo huhesabu pia kazi zinazosubiri diski. Andikeni top: kama "wa" iko juu, prosesa zimekaa bure zikingoja diski.

Namshuku zaidi RAM. Apache ya prefork isipoguswa huruhusu michakato 256. Kila mmoja ukila MB 60, ni GB 15. Seva inakimbilia swap, diski inazidiwa, mwishowe kerneli inaiua MySQL. Mkishaiwasha seva upya, andikeni journalctl -k -b -1 mtafute "Out of memory". Mkiikuta, teremsheni kikomo hicho cha michakato ya Apache (MaxRequestWorkers) hadi 80. Wazazi watasubiri foleni kidogo, ila ukurasa wataupata.

Tena matokeo yakishatoka hayabadiliki. Kwa nini MySQL iulizwe upya kwa kila mzazi? Yawekeni kama kurasa za HTML zisizobadilika.