Jipu la Ini: Tafuta na Chanzo Chake

Mtu akishikwa na homa kali na kutetemeka, wengi wetu husema papo hapo, "Hiyo ni malaria." Anameza dawa, homa haishuki. Anabadilishiwa dawa, homa ipo vilevile. Siku zinapita, mgonjwa anazidi kukonda. Ugonjwa mmoja unaoweza kujificha namna hiyo ni jipu la ini.

Jipu la ini ni nini?
Ni usaha uliojikusanya ndani ya ini. Kuna jipu la amiba, na kuna jipu la bakteria, ambalo ndilo somo letu leo. Bakteria wanaolileta mara nyingi ni Escherichia coli, Klebsiella na jamii ya streptokoki. Jipu moja laweza kuwa na aina kadhaa kwa pamoja.

Bakteria hufikaje huko?
1. Kwa mirija ya nyongo. Vijiwe au saratani ikiziba mrija, nyongo husimama na bakteria huzaliana humo.
2. Kutoka matumbo. Damu ya matumbo hupitia kwenye ini. Kidole tumbo kilichovimba na kupasuka, au saratani ya utumbo mpana, huweza kuwapeleka.
3. Kwa damu ya mwili mzima, kutoka kidonda au ugonjwa wa mahali pengine. Hapo stafilokoki huonekana.

Mwaka 1938 madaktari Alton Ochsner na Michael DeBakey wa Marekani walieleza kuwa kidole tumbo ni chanzo kikubwa cha majipu haya. Upasuaji wa mapema na dawa za antibiotiki vilipoenea, maradhi ya mirija ya nyongo yalishika nafasi ya mbele.

Wenye kisukari wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa kinga yao hupungua. Klebsiella huwapata sana, na wengine wao huenea hadi kwenye jicho na kulipofusha.

Dalili zake
Homa na baridi, maumivu chini ya mbavu za kulia, pengine hata begani kulia, kukosa hamu ya kula na kukonda. Baadhi ya wagonjwa macho yao huwa ya njano.

Matibabu
Usipotibiwa, ugonjwa huu huua. Picha ya altrasaundi huonyesha jipu. Likiwa kubwa, daktari hutoa usaha kwa sindano au mrija mwembamba. Antibiotiki hutumiwa kwa majuma kadhaa, mara nyingi manne hadi sita. Usiziache kwa sababu tu umepata nafuu.

Kisha muulize daktari: "Jipu hili limetoka wapi?" Sukari ipimwe, mirija ya nyongo itazamwe, na ikibidi utumbo mpana pia uchunguzwe. Usaha ukitolewa na kijiwe kikaachwa kimeziba mrija, jipu laweza kurudi.

Basi, homa isiyosikia dawa isikae nyumbani. Nenda hospitali mapema.